Mtoto Niliyemwita Boga

Asubuhi za mwezi wa sita kule Mbebe zilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Ukungu ulipanda kutoka bonde la Songwe ukatanda juu ya migomba, hata mtu aliyekuwa hatua kumi mbele yako ulimjua kwa kikohozi chake tu. Mimi na Enesi tulikutana kila siku kwenye kijito, yeye akitokea ng'ambo na mimi upande huu, kila mmoja na kibao chake cha kuandikia na ukuni mmoja wa kupeleka shuleni. Aliyewahi alimngoja mwenzake. Mara nyingi aliyengoja alikuwa Enesi, maana mimi nilipenda usingizi.

Jina langu ni Sekela. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na vita vya Wajerumani na Wajapani vilikuwa vimekwisha miaka minne iliyopita. Habari hii si ya kujisifu. Nimewasimulia watoto wengi niliowafundisha, na kila mara nikifika mahali fulani sauti hunikwama. Mahali penyewe mtapaona.

Mwalimu wetu, Mwalimu Yonathani, alikuwa askari katika vita hivyo huko Bama, nchi ya Burma. Katika kambi yao kulikuwa na kikundi kilichowachangamsha wenzao kwa michezo ya kuigiza, na wachezaji hao hawakuwa na karatasi wala maneno ya kukariri. Mmoja alisema neno, mwenzake akalidaka, na mchezo ukaendelea hivyo mpaka mwisho. Wenzake waliporudi walileta baiskeli na makoti. Yeye alituletea mchezo ule, nasi tukauita Mchezo wa Papo, kwa sababu ulitungwa papo hapo.

Sheria zake zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa kwamba wachezaji wasipatane kabla. Mwalimu alisema mkishapangana njiani mtakuwa mnakumbuka, hamtakuwa mnasikilizana. Ya pili alitufundisha kwa swali.

"Nyumbani mkubwa akikupa kitu, unakipokeaje?" alituuliza.

Tulijibu kwamba tunapiga goti na kupokea kwa mikono miwili.

"Basi neno la mwenzako lipokeeni hivyo hivyo. Akisema anaumwa jino, anaumwa jino. Usimwambie meno yake ni mazima. Pokea, kisha ongeza lako. Na ukikosa la kuongeza, sema 'Enhe', kama mnavyomwitikia bibi anapotoa hadithi. Enhe moja inatosha kumwokoa mwenzako."

Katika mchezo huo hakuna aliyenishinda. Nilikuwa na mdomo mwepesi, na nilijua kuiga mwendo wa kila mtu kijijini, kuanzia mzee wa kanisa mpaka bata wake. Enesi hakuwa mchekeshaji. Alikuwa mpole, hata kusema kwake kulikuwa kwa taratibu. Lakini kila mtoto alipenda kucheza naye, kwa kuwa ukiwa na Enesi huanguki. Utakalosema, hata liwe la kipuuzi namna gani, atalipokea.

Mchezo huo haukuishia shuleni. Dresa Mbonile, mganga wa zahanati yetu, alikuwa hodari wa dawa lakini ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili. Mama akifika na mtoto mgonjwa, kabla hajakaa alikwisha kuulizwa kwa nini amechelewa na kwa nini nguo ya mtoto ni chafu. Wengi walikuwa wakigeuza njia. Mwalimu, aliyekuwa rafiki yake, akamshauri ajifunze kupokea. Kwa hiyo kila Alhamisi mchana tulikwenda zahanati, sisi tukajifanya wagonjwa, na Dresa pamoja na msaidizi wake Priska wakafanya mazoezi ya kutusikiliza. Dresa alipoanza kufoka, Mwalimu aligonga meza, na Dresa alilazimika kusema, "Enhe, kisha?" Mwanzoni alilisema kama mtu anayemeza mwarobaini. Baada ya miezi mitatu akina mama walianza kurudi.

Sisi watoto tulimwigiza maradhi tuliyoyajua: tumbo, jino, mwiba mguuni. Na kila mara Dresa alimaliza kwa maneno yale yale: "Mtoto mdogo akikataa kunyonya, mleteni leo leo, msingoje kesho." Tuliyajua kwa moyo kama sala.

Basi ikafika Ijumaa ya Siku ya Wazazi. Mbele ya shule tuliweka mbao juu ya matofali, na hilo likawa jukwaa letu. Wanaume waliketi mbele kwenye viti, akina mama nyuma kwenye majani. Dresa hakuweza kuja kwa sababu ya wagonjwa. Katikati ya safu ya mbele aliketi Mzee Luka, babu yake Enesi, mwenye koti zito la sufu alilopelekewa na mwanawe, baba yake Enesi, aliyekuwa akifanya kazi migodini Rhodesia. Barua na vitu vyake vilifika kwa basi la Tunduma mara mbili kwa mwaka, naye Mzee Luka ndiye aliyekuwa msemaji wa mwisho katika mji wao, yaani boma la familia.

Mwalimu alituita mimi na Enesi, akatuuliza mahali pa mchezo. Kwa kawaida Enesi aliniachia mimi kuchagua. Siku hiyo alisema kabla sijafungua mdomo.

"Zahanati," alisema. "Sekela awe Dresa."

Nilifurahi, kwa kuwa hakuna niliyemwiga vizuri kuliko Dresa. Niliketi, nikatoa kifua mbele, na watu wakaanza kutabasamu hata kabla sijasema neno. Enesi akapanda na shuka aliloliviringisha, akilibeba kifuani.

"Karibu, mama. Una nini?" nikasema kwa sauti nzito.

"Nimemleta mwanangu," Enesi alisema. "Ana miezi saba. Tangu jana hanyonyi. Akivuta pumzi, ubavu unaingia ndani, hapa." Akafunua shuka kidogo, akaonyesha kwa kidole.

Uwanja ulinyamaza. Hapo ndipo ningesema "Enhe". Neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mimi nilizoea kicheko, na ukimya ule ulinitia hofu, nikaona kama mchezo unanifia mikononi. Nikachungulia ndani ya shuka. Kulikuwa na maganda ya mahindi yaliyofungwa mviringo.

"Mama," nikasema, "mtoto gani huyu? Hili ni boga. Lirudishe nyumbani ukalipike na karanga."

Watu waliangua kicheko. Mzee Luka alijipiga magoti, machozi yakamtoka. Mama yangu, Tumpe, alijifunika uso kwa upande wa kitenge, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Enesi hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akajaribu tena.

"Ni mtoto, Dresa. Hanyonyi."

"Umeona wapi boga likinyonya?" nikamjibu, na uwanja ukalipuka mara ya pili.

Enesi alibaki amesimama na shuka lake. Nakumbuka alikuwa akitazama chini, si kwangu, bali safu ya mbele, alipokuwa babu yake. Mwalimu akapiga ngoma kumaliza mchezo.

Nilipokuwa nikishuka, Mwalimu alinishika bega. Aliniambia kwamba leo nimemwangusha mwenzangu. Nikajitetea kwamba watu wamecheka. "Wamecheka," akasema, akaenda kuwasalimu wazazi.

Jumamosi yote nilikuwa maarufu. Nikipita njiani watu waliniita Dresa wa Maboga, nami niliitika. Neno la Mwalimu lilinichoma kidogo, lakini sifa zilikuwa nyingi, nikalisahau. Jumapili sikumwona Enesi kanisani. Nilidhani amenuna, nikasema moyoni kwamba atanuna mpaka achoke.

Jumatatu nilifika kwenye kijito, na safari hii ikawa zamu yangu kungoja. Nilingoja mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuja mtu.

Baada ya masomo Mwalimu alinipa kibao cha Enesi, alichokisahau siku ya Ijumaa, akaniagiza nikipeleke kwao na nimwulize kwa nini hakuja. Nilivuka kijito, nikapanda kilima kupitia mashamba ya maharage. Kibao kilikuwa bado na maandishi ya hesabu za Alhamisi, na hesabu za mwisho zilikuwa zimekosewa. Enesi hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Nilisimama nikaitazama miandiko ile, na maneno yake ya jukwaani yakanirudia: akivuta pumzi, ubavu unaingia ndani.

Katika michezo yetu yote ya Alhamisi, hakuna mtoto aliyewahi kusema jambo kama hilo. Sisi tulijua tumbo na jino. Mtu hatungi ubavu unaoingia ndani. Mtu huuona. Na nyumbani kwa Enesi kulikuwa na mtoto wa miezi saba, ndugu yake Ipyana, niliyembeba mgongoni mara nyingi. Nilianza kukimbia.

Mzee Luka alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, akichonga mpini wa jembe. Ukutani pembeni yake yalipangwa maboga ya msimu ule. Aliponiona alicheka kabla sijamaliza kupiga goti.

"Dresa wa Maboga amefika," alisema. "Mjukuu wangu, umenipa kicheko cha mwaka mzima. Tangu Ijumaa huyu mwenzako ananijia na habari za mtoto kuumwa, nami namwuliza, mtoto au boga?"

Kabla sijajibu, Enesi alitoka katika nyumba ya mama yake, akavuka ua, akapiga goti mbele ya babu yake. Alisema mama anasema mtoto amekataa titi tena, na anaomba ruhusa ampeleke zahanati.

"Mwambie mama yako ni meno," Mzee Luka alisema, bila ukali wowote. "Na ukungu huu ndio utakaomwua njiani. Angoje siku ya jua."

Enesi aliinuka akarudi alikotoka. Alipita karibu yangu, asinitazame.

Ni lazima niwaeleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Katika milima yetu, mke wa mwana hatazamani na baba mkwe wake wala hasemi naye. Akimwona njiani anaacha njia na kujificha kwenye migomba mpaka apite. Baba mkwe naye haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe. Ni heshima, na hata waliobatizwa wengi wao walikuwa bado wanaishika. Wakitaka kuambiana jambo, mtoto hutumwa katikati. Katika mji ule mtoto huyo alikuwa Enesi. Na kwa kuwa Ipyana alikuwa amefungiwa ndani kwa ajili ya baridi, babu yake hakuwa amemwona kwa macho tangu aanze kuugua. Alikuwa akiamua juu ya mtoto kwa maneno tu, na maneno hayo mimi nilikuwa nimeyageuza mzaha mbele ya watu wote.

Nilimfuata Enesi ndani. Mama yake alikuwa ameketi karibu na moto, Ipyana mapajani. Mtoto hakulia. Alikuwa akipumua haraka haraka, na kila pumzi ubavu wake ulibonyea, vilevile kama Enesi alivyoonyesha kwa kidole. Mama Enesi aliniitikia salamu kwa sauti ya mtu asiyelala.

"Ijumaa alitoka hapa akiniambia leo babu atasikia," alisema. "Akarudi analia. Sijui kilichomliza, hakunieleza."

Hapo ndipo mahali nilipowaambia. Nilitamani ardhi ipasuke. Enesi hakuwa amenisema hata kwa mama yake.

"Kwa nini hukuniambia tukiwa njiani?" nilimnong'oneza.

"Mwalimu alikataza kupatana kabla," alijibu. Kisha akasema, taratibu kama kawaida yake, "Na nilijua utapokea."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angenipiga kofi. Alikuwa ametafuta njia ya kumfikia babu yake bila kumvunjia heshima: Mzee asikie mbele ya watu jinsi mtoto anavyoumwa, kisha asikie Dresa, ingawa wa mchezo, akisema mleteni leo leo, msingoje kesho. Alihitaji nitamke sentensi niliyoijua kama sala. Mimi nikauza sentensi hiyo kwa kicheko.

Nilitaka kukimbia nyumbani. Nilifikiri pia kumkimbilia Mwalimu, lakini shule ilikuwa mbali na ubavu ule haukungoja. Basi nikakumbuka jambo moja. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kutaniana na babu, na watoto wote wa kilima kile walikuwa wajukuu wa Mzee Luka. Lile ambalo mkwe hawezi kulisema na mtoto hasikilizwi akilisema, labda mtani ataweza.

Nikamwambia Enesi amfunge Ipyana vizuri katika shuka na kumleta nikimwita. Nikatoka, nikapiga goti mbele ya kigoda.

"Babu," nikasema, "mchezo wa Ijumaa haukuisha. Mwalimu aliukata. Nimekuja tuumalize."

Mzee Luka aliweka mpini chini, akapangusa mikono. Alisema haya, nimchekeshe.

"Leo Babu ndiye Dresa. Mimi ni msaidizi wako. Mama akifika, tunasemaje?"

"Tunasema karibu mama, una nini," alijibu, akatoa kifua mbele kama nilivyofanya mimi. Alikuwa ameangalia vizuri.

Nilimwita Enesi. Alikuja na mzigo kifuani, akitembea polepole, akasimama mbele yangu. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na nikaona hana hakika kama anipe au asinipe. Nilipiga goti nikanyosha mikono yote miwili. Akanipa.

"Ana nini?" nikamwuliza. Sauti yangu haikuwa ya Dresa tena.

"Hanyonyi. Ubavu unaingia ndani."

"Enhe," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Enhe." Nikamgeukia babu. "Dresa, mpokee."

Mzee Luka alikuwa bado anatabasamu. Alinyosha mikono miwili, kama tulivyolelewa wote, akaupokea mzigo. Kisha uzito ukamfika, na joto likapenya kwenye shuka. Tabasamu likamtoka. Akafunua, akaweka kiganja chake juu ya ubavu wa Ipyana, akakiacha pale kwa muda, kikipanda na kushuka.

"Tangu Alhamisi?" alimwuliza Enesi.

"Nilikuambia, Babu."

"Uliniambia," alisema Mzee Luka.

Nilijua nisiposema wakati ule sitasema kamwe. Nikamwambia kwamba Ijumaa niliona wazi Enesi anasema mtoto, nami nikasema boga ili watu wacheke na kunisifu, na kwamba kosa ni langu.

"Wewe ulilisema siku moja," alijibu Mzee Luka. "Mimi nimelisema siku nne."

Akavua lile koti la sufu, akamfunika mtoto, akaondoka akiwa na shati tu katika baridi ile. Alimwambia Enesi amwite mama yake afuate. Hivyo ndivyo tulivyokwenda zahanati: babu mbele na mtoto, mama nyuma kwa hatua hamsini, uso umeinamishwa, na Enesi katikati akikimbia huku na huku na maneno. Mama anauliza, anapumua? Babu anasema, anapumua. Mimi nilikuwa nyuma ya wote, na njia nzima nilisali sala isiyo na maneno mazuri.

Dresa Mbonile alipomwona mtoto, nilimwona akivuta pumzi ya kufoka. Nilizijua dalili zake zote. Kisha akamwangalia yule mzee aliyesimama akitetemeka bila koti, akaifunga midomo, akaifungua tena.

"Enhe, mzee," alisema kwa upole. "Kisha?"

Na Mzee Luka, ambaye pengine angegeuka kurudi kama angekaripiwa, alisema yote, pamoja na siku alizokataa.

Ilikuwa homa ya mapafu. Dresa aliponda vidonge vyeupe, akavichanganya na maji, Priska akamnywesha mtoto kwa kijiko kila baada ya saa kadhaa. Siku mbili hakuna aliyejua mambo yatakuwaje. Jumatano asubuhi Ipyana alinyonya. Dresa aliniita pembeni, akaniambia kitu ambacho ningependa asingeniambia: kwamba kama mtoto angeletwa Ijumaa ile, angerudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, na kwamba kikohozi kitamsumbua mwaka mzima. Kikamsumbua kweli. Kila alipokohoa kanisani, mimi niliinamisha kichwa.

Kabla ya Jumatano hiyo nilikuwa nimekwisha kwenda kwa Mwalimu Yonathani. Nilimweleza kila kitu, nikanyosha mkono nipigwe fimbo. Fimbo ilikuwa pale ukutani. Hakuigusa.

"Sekela, kucheka si kosa," alisema. "Mimi mwenyewe Bama nilichekesha watu waliokuwa wanakufa, na waliniombea baraka. Kosa ni kumfanya mwenzako ngazi ya kupandia. Mtu akikupa neno, hujui amelitoa wapi. Pengine amelitoa jikoni, pengine amelitoa kaburini. Lipokee kwanza. Likiwa la mzaha, utacheka baadaye na hutapungukiwa na kitu. Likiwa la kweli, utakuwa umeokoa mtu. Na hii si sheria ya jukwaani tu. Dresa anaihitaji mezani kwake, na Mzee Luka anaihitaji uani kwake, na wewe utaihitaji popote utakapofanya kazi."

Kisha akatoa adhabu yake. Mpaka mwisho wa mwaka sitapanda jukwaani, na kila Jumamosi nitawafundisha watoto wa darasa la kwanza kupokea. Nilidhani ni adhabu nyepesi. Kumbe kukaa chini na watoto wadogo, kusema "Enhe" kwa saa nzima bila kuchekesha hata mara moja, ni kazi nzito kuliko kulima. Ndiko nilikojifunza kazi ambayo nimeifanya maisha yangu yote.

Lakini Enesi alikuwa hajasema nami. Alirudi shuleni, aliketi mahali pake, alicheza na wengine. Asubuhi nilikuwa nikiwahi kwenye kijito, nikimngoja, naye alikuwa amekwisha kupita. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe jinsi mtu anavyojisikia akibaki amenyosha mikono.

Wiki ya tatu, asubuhi moja ya ukungu, nilisikia kikohozi nilichokijua. Enesi alikuwa amesimama upande wangu wa kijito, ananingoja. Kichwani alikuwa na boga kubwa kuliko yote niliyoyaona ukutani kwao.

"Mama amekutumia," alisema.

Nilimwuliza kama mama yake anajua nilichosema jukwaani.

"Nimemweleza yote. Halafu akaenda ukutani akachagua hili."

Niliweka kibao changu na ukuni juu ya jiwe. Nikapiga goti pale kwenye majani yenye umande, nikanyosha mikono yote miwili. Lilikuwa zito, na lilikuwa baridi, nami nilitaka kusema mambo mengi, kwamba nisamehe, kwamba sikustahili, kwamba asante.

"Enhe," nikasema.

"Likapike na karanga," alisema Enesi, kisha akainua kibao changu na ukuni wangu akanibebea, tukaenda.